Mwalimu Wangu Hakugusa Gita

Mwezi uliopita tulimzika Baba Mwende kule Kathonzweni. Siku chache baada ya mazishi, watu walipokuwa wamepungua na sufuria za kuazima zimerudi kwa wenyewe, nilikaa jikoni na mjane wake tukichambua ndengu. Sikujua kwamba mkono wangu wa kulia ulikuwa na shughuli nyingine. Mama Mwende aliacha kuchambua, akaniangalia, akasema, "Ndunge, kumbe hata saa hii hiyo kidole haijawahi lala?" Kidole gumba changu kilikuwa kinagonga ukingo wa ungo, polepole, hapa na pale, hapa na pale. Tulicheka mpaka akafuta macho kwa leso. Wajukuu wakachungulia mlangoni, wakashangaa hawa wazee wanacheka nini na juzi tu wametoka makaburini. Nilijaribu kuwaeleza, lakini chai ikapoa kabla hata sijafika penyewe. Ndiyo sababu nimeona niyaandike, mwaka ule mmoja tu, mwaka nilioishi kwao baada ya kumaliza kidato cha nne. Ya nyumbani kwetu, na kwa nini sikwenda chuo, nitayaacha. Kila mtu ana yake, na yangu hayachekeshi.

Baba Mwende na mkewe walikuwa na hoteli sokoni Kathonzweni. Nikisema hoteli, msomaji asifikirie vitanda. Ilikuwa chumba kimoja cha mabati, kuta za bluu hadi kiunoni na nyeupe kuanzia hapo, meza zenye vitambaa vya plastiki vilivyopigiliwa misumari ili upepo usivichukue, na ubao ulioandikwa chai, maandazi, ndengu, muthokoi, hata siku ambazo kulikuwa na chai peke yake. Mimi nilikuwa naosha vikombe, nakanda unga wa maandazi, nahudumia. Nililala stoo, kati ya magunia ya ndengu na mitungi ya maji, na harufu ya gunia jipya hadi leo hunipa usingizi. Mchana hoteli ilijaa wachuuzi wa mbuzi na wakulima, na kwa kuwa mhudumu haonekani, nilisikia kila kitu: mvua imeshindwa kufika wapi, nani ameposa wapi, nani ameokoka na nani amerudi nyuma. Ukitaka kuijua Kathonzweni ya wakati ule, usiulize chifu, uliza aliyekuwa akibeba birika.

Gita nililikuta kanisani. Jumamosi ilikuwa zamu yangu ya kufagia, na nyuma ya mimbari kulikuwa na chumba kidogo cha kuwekea viti vibovu na matarumbeta yaliyotoboka. Gita la kanisa lilikuwa limeegemezwa pale, rangi ya asali, limeachwa na kijana aliyekuwa akilipiga kabla hajaenda kutafuta kazi Mombasa. Nililifuta vumbi, nikaligusa uzi mmoja. Sijui niseme vipi bila kujifanya. Nilipenda sauti ile papo hapo, kwa nguvu, jinsi mtu anavyopenda akiwa na umri ule na hana kitu kingine kinachomsubiri. Mwaka huo kila rafiki yangu alikuwa ameenda mahali. Mimi nilikuwa na birika. Nikamwomba Pasta ruhusa ya kujifunza, akakubali, kisha Jumapili iliyofuata akatoa tangazo lililoninyima hamu ya kula. Wenzetu wa kanisa la Kabati, kule Kitui, wameomba gita lile kwa sababu wana vijana wengi, na kwetu limelala tu. Mwezi wa nane kutakuwa na mkutano mkubwa mahali paitwapo Tulia. Kama kuna mtu wa Kathonzweni atakayeweza kuimbisha nalo huko, litabaki. Kama hakuna, litatoka Tulia moja kwa moja hadi Kabati. Mungu naye ana mizaha yake: ni Kabati hiyo hiyo nilikokuja kuolewa, na ninakoishi hadi leo. Lakini siku ile nililichukia jina la mji huo kama la dawa chungu.

Pasta aliniruhusu kulilaza gita kwenye stoo yangu. Alasiri ya kwanza, hoteli ikiwa tupu, nilikaa kwenye gunia nikaanza kulichapa kwa kiganja chote, juu chini, juu chini, kama mtu anayefukuza kuku. Baba Mwende alikuwa anapanga vikombe. Aliweka kimoja chini, akafunga macho, akasema bila kugeuka, "Mwaitu, hiyo gita imekukosea nini?" Mwaitu kwetu ni mama yangu, na mzazi humwita hivyo hata msichana wake, hasa anapotaka kumwambia jambo gumu kwa upole. Nikamwambia ninajifunza. Akasema, "Hapana. Unaipiga. Kujifunza ni kitu ingine."

Ndipo Mama Mwende aliponieleza, tukiosha vyombo, kile ambacho soko zima lilikijua isipokuwa mimi. Mumewe alikuwa mpiga gita wa bendi ya dansi. Alizunguka mabaa ya Makueni na Kitui, akafika hadi Mombasa, na wanaojua walisema vidole vyake vilikuwa vinaongea Kikamba. Alipookoka, alisimama mbele ya kanisa akaapa kwamba mikono yake haitashika gita tena mpaka aende kaburini. Akaliuza lake, akanunua mabati ya hoteli. Baadaye sana, aliponizoea, nilimuuliza kama anaamini gita ni la shetani kama wengine walivyosema. Alikuwa anakoroga ndengu. "Gita haikukosa," akasema. "Mwende alizaliwa nikiwa Mombasa. Nilikuja kumwona akiwa anatembea. Aliniona akakimbia, akajificha kwa mamake. Gita haikufanya hiyo. Ni mimi." Sikumuuliza tena.

Kwa hiyo nilikuwa na mwalimu aliyeapa kutogusa chombo anachofundisha. Alikubali kunifundisha baada ya siku kadhaa za kuvumilia kelele zangu, kwa hoja aliyoipima kama mtu anayepima kitambaa cha suti: aliapa kutoshika, hakuapa kutosikia. Hakutaka hata kuliangalia. Alinipa mgongo, akiwa na kitambaa cha kufutia meza mkononi, akanisikiliza. "Hiyo ni uzi ya tatu. Nimesema ya nne." Nageuza. "Sasa umekunja mkono kama mtu anaomba pesa. Kunja kidogo tu, kama umeshika chungwa." Sijui alionaje. Jambo la kwanza alilonikataza ni mkono wa kushoto. Majuma ya mwanzo ulikaa bure, kwa sababu alisema mtu akianza na mikono miwili hujua nusu mbili na hakuna nzima. Mkono wa kulia ndio uliofanya kazi: kidole gumba kwenye nyuzi nene tatu za juu, basi, hakina ruhusa ya kwenda kwingine, kidole cha shahada kwenye uzi wa tatu ukihesabu kutoka chini, cha kati wa pili, cha pete ule mwembamba wa mwisho. Kila kidole na shamba lake. Gumba linatembea kwa mwendo mmoja, hapa na pale, na vidole vingine vinaingia katikati. Yeye mwenyewe aliniigizia juu ya meza, gumba likigonga mbao na vidole vikicheza juu ya plastiki, na wateja waliokuja mapema walidhani ana ugonjwa wa mkono.

Kusema ni rahisi. Gumba langu lilikuwa kama punda: likiwa peke yake linakwenda vizuri, ukileta mwenzake linasimama. Kila nilipodonoa kwa kidole cha shahada, gumba nalo liliruka pamoja nacho. Nilikasirika, nililia, siku moja nikalitupa gita juu ya gunia na kusema Kabati walichukue. Mama Mwende alikuwa nyuma ya hoteli na mahindi ya muthokoi kinuni, yamenyunyiziwa maji tayari kukobolewa. Aliniita. "Wacha hiyo kitu. Kuja ushike mchi." Kwetu wanawake wawili hutwanga katika kinu kimoja, huyu akipandisha mchi, yule anateremsha, na ole wenu mkiteremsha pamoja. Nilikuwa nimetwanga hivyo tangu utotoni bila kufikiria. Tulitwanga mpaka maganda yakaanza kutoka, yeye akinipigia hadithi ya arusi moja iliyoharibika huko mjini Wote, mimi nikiuliza maswali, michi ikipishana. Kisha akasema, huku akitwanga, "Umeona? Gumba ni mimi. Mimi siwezi simama, mimi ni mwenye boma. Wewe ni vidole. Unaingia penye nimeacha nafasi. Tukianguka pamoja tunavunjana mikono." Nilirudi stoo na jasho langu, nikachukua gita, na gumba likakubali. Si vizuri sana, lakini lilikubali. Baba Mwende, akiwa mbele na mteja, aliacha kuhesabu chenji. Nikamsikia akisema, "Hapo. Hapo sasa," na mteja akamuuliza hapo wapi.

Baada ya hapo mambo yalikimbia. Mkono wa kushoto ukapewa kazi ya kubana nyuzi, sauti ya C, halafu G, halafu ile F iliyonitoa roho. Ncha za vidole zikaota sugu, nikawa naepua sufuria bila kitambaa na kujiona shujaa. Mwalimu wangu alikuwa na mtihani mmoja tu, na aliupenda. Nikiwa napiga, alinitupia swali kutoka mbele: "Ndunge, sukari imebaki?" Nikajibu imebaki kidogo, na gumba likasimama. "Umesimama." Nikamwambia nimesimama nijibu. "Kanisani mtoto atalia, mama atapita kwenda choo, Pasta atakohoa. Gumba isisimame. Watu wanatembea juu yake." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nikisifiwa nilikuwa naongeza mbwembwe, vidole vikirukaruka kama mbuzi waliofunguliwa asubuhi. Alinikata: "Toa hizo. Hatuuzi vidole." Hadi leo, nikifundisha watoto wa Kabati siku za likizo, huwarushia maswali ya sukari, na wanadhani nimeyabuni mimi.

Kosa letu lilikuwa mahali ambapo hatukupaangalia. Kwa kuwa hakuweza kushika gita, alinilinganishia nyuzi kwa mdomo. Aliimba sauti ya kila uzi, mmmm, nami nikakaza au kulegeza mpaka zilingane. Sauti aliyoimba ilikuwa yake ya asubuhi, kabla ya chai, nzito kama ya mtu anayeamka. Nyuzi zililingana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo masikioni mwetu gita lilikuwa safi. Lakini lilikuwa limeshuka chini ya magita yote ya dunia, na sisi wawili hatukuwa na kitu cha kulipimia. Tulikuwa na redio, lakini Baba Mwende aliisikiliza kwa habari tu na kuizima muziki ukianza.

Hofu nyingine niliichukua mwenyewe na birika mkononi. Mzee Muasya, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kupenya ukuta, alikuwa akinywa chai na wachuuzi wawili wa mbuzi, na mazungumzo yakafika kwenye mkutano wa Tulia. "Mimi sipingi gita," akasema. "Lakini gita ya Mungu inachapwa. Ile ya kudonolewa na vidole ni ya dansi. Nikiisikia kanisani, nitasimama." Nilimwaga chai kwenye kisahani. Jioni nilimwambia Baba Mwende kwamba basi nitachapa. Nikajaribu pale pale, na kuku wote wa Kathonzweni wakakimbia. Alisikiliza, akapangusa meza ambayo tayari ilikuwa safi. "Wewe hujui kuchapa," akasema, "na hakuna wakati. Tulia kutakuwa na kinanda. Kinanda kitakufunika. Piga polepole." Nilishika hilo neno, kinanda, nikalilalia kama mto.

Tulifika Tulia Ijumaa, juu ya lori. Kanisa la wenyeji wetu lilikuwa limejaa hadi madirishani, na wengine walikaa nje chini ya turubai. Zamu yetu ilikuja Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Akina mama wa Kathonzweni walisimama na sare zao za kijani, mimi nikaketi kwenye kiti mbele yao, na kijana wa Tulia aliyekuwa kwenye kinanda akaniomba sauti. Nikampa C. Akabonyeza. Akabonyeza kando. Akakunja uso. "Dada, hii gita yako iko wapi? Haiko hapa, haiko hapa, iko katikati." Nikajaribu kukaza uzi mwembamba, ukalia kama unataka kukatika, na nyuzi za akiba hatukuwa nazo. Nilimtafuta Baba Mwende kwa macho. Alikuwa ameketi karibu na dirisha, ameweka mikono miwili chini ya mapaja. Akanielewa kabla sijasema, na nikaona uso wake umebadilika. Pasta alitazama saa, akasema, "Kinanda kipumzike basi. Ndunge ataimbisha peke yake."

Nikapiga. Nilifanya nini kingine? Gumba likaanza, hapa na pale, vidole vikaingia kwenye nafasi zao, na akina mama wakaingia. Kwa kuwa gita lilikuwa chini, walilazimika kuimba kwa sauti zao za kifuani, zile za kuongelea jikoni, na sijawahi kuwasikia wakiimba vizuri hivyo. Ubeti wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Kabla ya wa tatu nikaona mkono umeinuliwa katikati ya kanisa, na Mzee Muasya amesimama.

"Pasta, samahani, na wageni pia mnisamehe," akasema. "Lakini siwezi nyamaza. Hii si ibada. Hii ni dansi kabisa, inadonolewa. Na tunajua imetoka kwa nani. Kuna ndugu aliapa mbele yetu."

Baba Mwende alisimama polepole. "Ni mimi nilimfundisha," akasema. "Lakini sijaigusa. Hata siku moja. Mke wangu ni shahidi."

"Sasa utafundishaje kitu hujagusa?"

"Kwa mdomo. Na kwa meza."

Watu wachache wakacheka kidogo, na Mzee Muasya akakasirika zaidi. Akanigeukia mimi. "Wewe msichana, ni kweli?" Nikasema, "Ni kweli, mzee, hata alikuwa ananipa mgongo," na nilipokuwa nikijibu nikagundua kitu kilichonitisha kidogo. Gumba langu halikuwa limesimama. Tangu alipoinua mkono lilikuwa linaendelea, chini chini, chini ya maneno yote yale, na Pasta alikuwa ameinamisha kichwa akilitazama. Niliona gita likipakiwa kwenda Kabati. Niliona stoo bila kitu ndani yake isipokuwa magunia. Nilitaka kulinyamazisha na sikuthubutu, kama mtu aliyebeba maji kichwani.

Kwenye benchi la mbele alikuwa Susu Mbithe. Susu ni nyanya, na yeye alikuwa nyanya wa kanisa zima, amekuja Kathonzweni kuolewa kabla hata ya soko kujengwa, na Mzee Muasya alikuwa mtoto wa dada yake. Hakusimama. Aligeuza shingo tu.

"Muasya."

"Naam, Susu."

"Mimi nimekaa hapa mbele, na masikio zangu ziko sawa. Mimi nasikia wamama wawili wakitwanga muthokoi. Wewe unasikia dansi." Akamtazama miguuni. "Sasa niambie, hiyo dansi wewe uliijulia wapi?"

Mtu mmoja chini ya turubai ndiye aliyeanza kucheka. Mzee Muasya akafungua mdomo. "Susu, watu husema..."

"Watu husema, ama miguu yako inakumbuka?"

Basi kanisa likavunjika. Akina mama wangu wa kijani walishikana mabega wasianguke. Kijana wa kinanda alilaza kichwa juu ya kinanda kikalia chenyewe. Kuna msemo wa nyani na kundule ambao mwanamke wa kanisa hapaswi kuuandika wote, lakini kila mtu pale aliufikiria. Na nitampa Mzee Muasya haki yake: alisimama wima kwa muda, taya limekaza, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akafunika uso kwa kofia na kuketi. Kando ya dirisha Baba Mwende alikuwa bado amesimama, peke yake asiyecheka, macho yake kwa Pasta. Nami pia sikucheka. Kicheko si uamuzi, na gita lilikuwa bado mapajani mwangu kwa kuazima.

Pasta alingoja kelele ziishe. Alikuwa mtu wa kuongea taratibu, na siku ile nilitamani kumsukuma maneno yatoke.

"Ndunge," akasema.

"Naam, Pasta."

"Huo wimbo una beti ngapi?"

"Nne, Pasta."

"Sisi tumeimba mbili." Akawageukia wageni wetu wa Kabati, waliokuwa wameketi pamoja upande wa mlango, akatabasamu kama mtu anayeomba radhi. "Ndugu zetu mtatafuta ingine. Hii iko na kazi." Kisha kwangu: "Haya, malizia."

Nilimwona Baba Mwende akiketi, mzima mzima, kama gunia lililoshushwa mgongoni. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni na sikuwa na mkono wa kuyafuta. Akina mama wa Kathonzweni hawakuningoja. Waliuchukua ubeti wa tatu wenyewe, kwa zile sauti zao za jikoni, na gita letu likaenda nao.